Sura ya Kwanza ya Tasnifu ya Fukusi

Nilirudi Nakuru na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, na mama yangu alipoyaona yale mazito akafikiri ndiyo yenye zawadi. Aliyafungua mwenyewe. Akatoa kitabu cha kwanza, cha pili, cha tatu, akaendelea kuchimba mpaka chini, kisha akakaa kitako akaniuliza, "Kwani huko Uingereza hakuna blanketi?"

Ilikuwa miaka ya hamsini, ikielekea mwisho. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, si ule wa sindano bali ule wa vitabu, na tofauti hiyo ilinisumbua sana kuieleza mtaani. Siku ya pili tu alikuja jirani mmoja mwenye jino lililooza. Nilipomwambia kwamba mimi nasomea udaktari wa wadudu wa mahindi, alinitazama kwa huruma, akaondoka akiwa bado ameshika shavu.

Wadudu wenyewe ni fukusi, wale weusi wadogo wenye pua ndefu wanaotoboa mahindi mpaka yanabaki maganda na unga. Chuo kilinituma nyumbani kwa mwaka mmoja na nusu nichunguze wanavyoharibu akiba ya wafanyakazi wa mashamba ya wazungu, kuanzia Lanet mpaka Gilgil, na papo hapo nianze kuandika tasnifu yangu. Msimamizi wangu alikuwa profesa mzee, Mwingereza, mwenye mwandiko mdogo kama nyayo za siafu. Tulikubaliana nimtumie kila sura kwa posta, aisome, anirudishie.

Baba alikuwa gadi wa treni, yule anayekaa behewa la mwisho na bendera na filimbi. Tuliishi nyumba za reli, tulizoziita landi, vyumba viwili na stoo. Mimi nilipewa stoo. Humo mlikuwa na majembe, taa mbovu, baiskeli ya baba, na pipa la bati ambamo mama aliweka mahindi aliyolima kwenye kishamba chetu kando ya reli. Meza niliazima. Kiti kilikosekana, basi nikaweka ubao juu ya pipa nikakalia hapo.

Niseme ukweli kuhusu kusoma kwangu wakati huo. Nilikuwa nimepita mitihani yote, Kampala na ng'ambo, lakini kusoma sikujua. Nilijua kukariri. Tangu darasa la kwanza kitabu kilikuwa kitu unachopewa na mwalimu, unakiingiza kichwani, na siku ya mtihani unakirudisha kama ulivyokipokea, bila kukunja ukurasa. Kubishana na kitabu kwangu kulikuwa kama kubishana na mkwe. Basi nilianza kitabu cha kwanza ukurasa wa kwanza, nikanakili kila kilichoonekana kizuri, na karibu kila kitu kilionekana kizuri. Baada ya miezi miwili nilikuwa na madaftari saba yaliyojaa, na sikuweza kumwambia mtu yeyote yalisema nini.

Na kuandika kulikuwa kubaya zaidi. Niliamini kwamba sentensi ya udaktari lazima iwe ngumu, ili msomaji ajue umeteseka. Sentensi ya kwanza ya sura yangu ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na moja. Nilijivunia sana. Jioni moja, mama akichambua sukuma wiki mlangoni mwa stoo, nilimtafsiria yote, neno kwa neno, nikipandisha na kushusha sauti kama mhubiri.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, hayo mahindi yameliwa ama hayajaliwa?"

Mama aliniita baba, kama akina mama wa kwetu magharibi wanavyoita watoto wao wa kiume. Nilimwambia hilo litajibiwa sura ya tano.

"Mpaka sura ya tano watakuwa wameyamaliza," akasema, akarudi kwenye sukuma yake.

Nilituma sura hivyo hivyo. Kurasa arobaini. Nikangoja barua ya ndege kwa moyo mweupe, nikifikiri profesa ataandika kwamba sasa naweza kupumzika.

Bahasha ilipokuja ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Hakuwa amerudisha sura nzima. Alinirudishia kurasa nne tu, na barua fupi iliyosema kwa Kiingereza cha adabu kwamba amesoma kurasa zote arobaini, amekutana na watu wengi wenye elimu, lakini mimi hakuniona popote. Katika ukurasa wa tatu alikuwa amepigia mstari mwekundu sentensi moja: kwamba wenyeji wa nyanda za juu hawana njia yoyote ya kukinga nafaka na wadudu. Pembeni aliandika neno moja, na kwa Kiswahili, maana alikuwa ameishi pwani ujanani: "Unajuaje?"

Nilikasirika siku mbili. Nimejuaje? Nimesoma! Ilikuwa imeandikwa katika kitabu kinene cha kilimo, chenye jalada la kijani, na mwandishi wake alikuwa na herufi tano nyuma ya jina lake. Siku ya tatu nilikifungua tena ili ninakili ukurasa na kumtumia profesa aone. Ndipo nikaona kitu ambacho macho yangu yalikuwa yamekiruka. Mwishoni mwa sentensi ile palikuwa na namba ndogo sana, na chini ya ukurasa, mbele ya namba hiyo, jina la kitabu kingine. Kumbe mwenye herufi tano naye alikuwa ameambiwa.

Nje ya mji palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo, na kwa barua ya profesa niliruhusiwa kuingia maktaba yao siku za Jumanne, nikikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nilikitafuta kile kitabu cha pili. Sentensi ilikuwemo, karibu maneno yale yale, na yenyewe ina namba ndogo. Namba ilinipeleka kwenye ripoti ya zamani yenye vumbi. Ripoti nayo ilikuwa na sentensi ile, ikiwa na nguo tofauti kidogo, na namba yake. Jumanne ya tatu nikafika mwisho wa njia: kitabu cha safari cha bwana mmoja aliyepita nchini reli ilipokuwa bado mpya. Huyu hakuwa na namba. Yeye aliona kwa macho yake. Aliandika kwamba kutoka dirishani mwa behewa, kati ya Gilgil na Nakuru, aliyatazama maghala ya wenyeji na kuona kwamba yako wazi kabisa kwa wadudu.

Niliazima kitabu hicho, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Nimepata shahidi. Jumapili, baada ya kanisa, baba alikuwa ameketi barazani amevua viatu, nami nikamsomea ukurasa ule kwa furaha.

Baba hakuwa mtu wa vitabu vingi. Alikuwa na kimoja, kitabu cha kanuni za reli, na alikisoma kwa kidole, polepole, akirudi nyuma kila mara kama mtu aliyeangusha kitu. Nilikuwa nikimhurumia kwa kusoma vile.

"Huyu mzungu alipanda gari gani?" akauliza.

"Sijui. La kwenda ziwani."

"Angalia. Amesema alikula wapi?"

Nilifungua ukurasa wa nyuma, ambao sikuwa nimeusoma kwa sababu haukuhusu fukusi. Bwana yule alikula chakula cha jioni stesheni ya Naivasha, akalalamika kuhusu supu. Nikafungua ukurasa wa mbele. Kulipopambazuka alikuwa amefika Muhoroni, akalalamika kuhusu chai.

Baba alinyoosha vidole vya miguu. "Jioni yuko Naivasha. Asubuhi yuko Muhoroni. Sasa Gilgil alipita saa ngapi?"

Nikafungua tena ukurasa ule wa katikati.

"Giza, bwana! Gari limepita hapo giza totoro. Yeye ana macho ya paka? Na hata angepita mchana, wakati huo hapo hapakuwa na mahindi. Palikuwa na ng'ombe za Wamasai na pundamilia."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka mara moja. Nilikuwa nafikiria wale waungwana watatu wenye majoho, wakipokezana sentensi ile miaka na miaka kama bakuli la maziwa, na mimi wa nne nimenyoosha mikono.

Alipomaliza kucheka, baba alinieleza habari ya ng'ombe. Zamani treni iligonga ng'ombe wa mzungu karibu na Elementaita, na ofisi ikataka ripoti. Watu watatu wakaandika. Dereva aliandika karatasi mbili, fundi wa moto karatasi moja, na baba mistari mitano. "Lakini dereva alikuwa ameangalia upande ule mwingine," alisema. "Na fundi alikuwa anachochea makaa. Ng'ombe nilimwona mimi, maana tuliposimama alikuwa amelala karibu na behewa langu. Ofisi ilitupa zile karatasi zao zote, ikabaki na mistari yangu mitano. Ukisoma kitu, uliza kwanza: huyu aliyeandika, yeye alikuwa amesimama wapi?"

Kuanzia siku hiyo nilisoma kwa kidole. Nilikuwa naanza na mwisho wa kitabu, nione mtu anadai nini, kisha naenda katikati nione alifanya nini, na njiani namuuliza maswali kwa sauti. Mama alifikiri nina mgeni stoo. Vitabu vingine vilijibu vizuri na nikaviheshimu zaidi kuliko zamani. Vingine vilinyamaza kabisa.

Lakini kuandika kuligoma. Kila nilipoanza, mistari ile kumi na moja ilirudi. Msaada ulitoka mahali ambapo sikuutafuta.

Wakati huo kulikuwa na Hali ya Hatari, ya siku za Mau Mau, na barabarani ulisimamishwa kila mara uonyeshe pasi. Nilikuwa natoka mashamba ya Lanet kwa baiskeli, nimefunga nyuma kreti yenye chupa tisa za mahindi na fukusi wake, midomo imefungwa vitambaa vyepesi ili wapumue. Kwenye kizuizi askari mmoja mrefu alinyoosha mkono.

"Hiyo chupa ndani kuna nini?"

"Fukusi, afande."

"Unauza?"

"Hapana, afande. Nawasoma."

Aliinama, akasogeza jicho karibu na kioo. "Wameandikwa nini?"

Nilijitahidi kueleza. Nilisema habari za uchunguzi, za chuo, za ustawi wa akiba ya nafaka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza, mpaka akamwita mkubwa wake, sajini mnene mwenye daftari kubwa. Sajini hakutaka maelezo. Alihesabu chupa kwa kalamu, akatikisa moja, akaona fukusi wanakimbia, akatazama pasi yangu mbele na nyuma. Kisha akaandika, taratibu, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni. Nilisoma daftari likiwa limegeuka juu chini: "Mwanamume mmoja. Baiskeli moja. Chupa tisa za fukusi hai. Anasema anawasoma. Hana silaha. Ameruhusiwa kupita."

Nilisimama pale nimeona wivu. Habari yangu yote ya miezi minane ilikuwa imeingia katika mistari miwili, na hakuna mtu ambaye angeuliza kama mahindi yameliwa au la.

"Si umeambiwa pita?" askari akanikumbusha.

Jioni hiyo nilijaribu. Niliandika: "Nilitembelea maghala kumi na mawili. Nilichota kikombe kimoja cha mahindi katika kila ghala. Nilihesabu punje zilizotobolewa." Nilijisikia kama mtu aliyetoka nje bila shati. Lakini nilipomsomea mama, alisema, "Haya, kisha?" Tangu nirudi hakuwahi kuniuliza kisha.

Tatizo lilibaki lile la ukurasa wa tatu. Nilijua sasa kwamba bwana wa treni hakuona kitu. Lakini je, ukweli ni upi? Wenyeji wana njia, au hawana? Katika mashamba nilikuwa nimeshika chupa na kuhesabu mashimo. Kuuliza watu sikuwa nimeuliza. Sikuona namna ya kuuliza, maana vitabu vyangu havikufundisha hilo.

Jumamosi moja mama alikaribisha akina mama sita wa kanisa kunywa chai. Asubuhi nilienda mjini kununua wino. Kumbe kichujio cha chai kilikuwa kimepasuka, na mama, akitafuta kitambaa chepesi, safi, chenye matundu madogo, akakumbuka ameona vingi stoo. Alivua kitambaa cha chupa moja. Alipoona hakitoshi akavua cha pili. Alivifua vizuri, akachuja chai, akawa amefurahi.

Niliporudi nilikuta wageni wameketi sebuleni, vitambaa vya kufuma vimetandikwa viti vyote, na fukusi wakipanda juu ya kitambaa cheupe cha meza mmoja mmoja, kwa mpango, kama wasafiri wanaotafuta behewa. Nilisimama mlangoni na wino wangu. Nilitamani sakafu inimeze.

"Mama, fukusi wangu!"

"Ni wako?" akasema mgeni mmoja, mwanamke mkubwa kutoka Kisii, akimtoa mmoja kwenye sosa kwa ukucha. "Hawa wadogo hivi? Wa kwangu mwaka juzi walikuwa wamenona."

"Kwa sababu hutundiki," akajibu mwenzake, wa upande wa Kericho. "Mahindi hutundikwa juu ya moto yakiwa na maganda yake. Moshi unawafukuza."

"Moshi! Na mwenye nyumba ya reli atatundika wapi?" akauliza wa tatu. "Weka pilipili kavu."

"Pilipili itakufanya upige chafya mpaka Krismasi. Changanya na wimbi, ile nafaka ndogo ya uji. Wimbi inajaza nafasi zote, fukusi anakosa mahali pa kupita."

Wakaanza kubishana. Nilikuwa bado nimesimama, mkono mmoja kwenye kofia. Taratibu nikachukua daftari langu, nikachuchumaa karibu na mlango, nikaanza kuandika: nani, anatoka wapi, anafanya nini, amefanya tangu lini. Walipoona naandika walisahau chai kabisa. Kila mmoja alitaka njia yake iandikwe kwanza, na wawili nusura wagombane juu ya jani fulani kali la porini, mmoja akisema linatiwa likiwa bichi, mwingine likiwa kavu.

Mwishowe mwanamke wa Kisii akamgeukia mama. "Na wewe, mama wa daktari, unaweka nini?"

"Mimi naweka majivu," mama akasema, akimimina chai. "Ya magunzi. Nachanganya na mahindi kwenye pipa."

Nilinyanyua kichwa. "Pipa gani?"

"Lile unalokalia."

"Tangu lini, Mama?"

"Kabla hujazaliwa. Unafikiri wewe ulikua kwa kula nini?"

"Na kwa nini hukuniambia?"

Aliweka birika chini, akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Uliniuliza?"

Wale akina mama walicheka mpaka vikombe vikagongana. Na kweli, yale majivu nilikuwa nimeyaona kila siku, yamemwagika chini ya pipa, yamechafua suruali yangu, na nilikuwa nimeyafagia mara nyingi nikinung'unika moyoni kwamba mama siku hizi hasafishi stoo. Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini nimekalia jibu, na kuandika kwamba halipo.

Kazi ya miezi iliyofuata ilikuwa furaha tupu. Nilirudi mashambani, Lanet hadi Gilgil, na mara hii niliingia jikoni kwanza, ghalani baadaye. Nyumbani nilipanga chupa: moja ya majivu, moja ya wimbi, moja ya pilipili, moja ya lile jani, na nyingine bila kitu. Akina mama wa kanisa walikuja kila Jumamosi kukagua chupa zao, wakiongea na fukusi kwa maneno makali. Ya majivu ilishinda, ya wimbi ikafuata kwa karibu. Mwenye pilipili alisema chupa yake ilirogwa.

Sura ya kwanza niliiandika upya kwa kurasa kumi na tisa. Nilieleza nilivyoifuata ile sentensi kutoka kitabu hadi kitabu mpaka dirishani mwa behewa, na saa za treni kama baba alivyozieleza. Kisha nikasema nilichokiona mwenyewe na nilichoambiwa, na nani aliniambia.

Kabla sijaituma mama aliuliza, "Yule wa kwenye treni umemwandika jina?"

"Ndiyo, Mama. Chini ya ukurasa, na namba."

"Na mimi?"

"Wewe nimekuandika mwishoni, kwenye shukrani."

"Shukrani ni za mtu aliyekupikia," akasema. "Mimi sikukupikia tu. Nimekuambia jambo. Niweke pamoja na wanaosema mambo."

Nilimweka, na namba yake, na wale sita pia kila mmoja na yake. Barua ya profesa iliporudi ilikuwa na mistari mitatu. Alisema sasa ameniona. Alisema baba yangu angefaa kuwa mtahini. Na mbele ya namba ya mama aliandika kwamba shahidi mzuri hivyo asiachwe chini ya ukurasa, nimpandishe juu aketi na wenzake. Nikampandisha. Nilipomweleza mama alisema vizuri, akaniomba nishike upande ule mwingine wa gunia.

Mtihani wenyewe ulikuwa ng'ambo, mbele ya watu watatu. Walinihoji zaidi ya saa mbili, walipata makosa, nikayasahihisha, wakanipa shahada. Nilirudi Nakuru na blanketi mbili.

Kazi ya kwanza niliyopewa na ofisi ya kilimo ilikuwa kuandika karatasi moja tu, upande mmoja, kwa Kiswahili, kuwaeleza wakulima jinsi ya kutumia majivu. Niliona wamenidharau. Nikaiandika asubuhi moja, nikampa mwanamke mmoja wa Lanet anisomee. Nilikuwa nimeandika: "Chukua majivu jikoni, uchanganye na mahindi."

"Yakiwa moto?" akaniuliza.

Nikaongeza "yaliyopoa." Mwingine akauliza kiasi gani, maana vikombe vya watu si sawa. Mwingine akauliza kama mahindi yaoshwe kabla ya kupikwa. Bwana mmoja wa Gilgil aliisoma yote, akaigeuza aone kama kuna kitu nyuma, akasema ni nzuri lakini haijasema mahindi yakauke kwanza, na mahindi mabichi ukitia majivu yataoza tu. Karatasi ile ilinichukua wiki tatu, na nilipoipeleka ofisini nilikuwa nimechoka kuliko siku ya mtihani.